Kamwokya Hukarabati Kila Kitu Isipokuwa Meko

Ukiteremka Barabara ya Kira kutoka Makumbusho ya Uganda jijini Kampala, moto wa kupikia hubadilika sura ndani ya mwendo wa dakika chache. Upande wa Kololo, kwenye mapaa ya vigae ya nyumba za enzi ya Waingereza, bado utaona dohani za matofali, nyingi zikiwa hazijatoa moshi kwa miaka. Bondeni Kamwokya dohani ni za kutafuta, lakini moshi upo kila jioni. Sigiri, yaani jiko la mkaa, imetoka kibarazani, sufuria la matoke limefunikwa majani ya mgomba, na ukuta ulio nyuma yake ni mweusi kuanzia usawa wa magoti hadi kwenye bati.

Wasomaji wengi wa Dar es Salaam na Nairobi huijua Kamwokya kwa sababu ya Bobi Wine, mwanamuziki aliyegeuka mwanasiasa, aliyekulia hapa na kuanzisha studio yake ya Firebase papa hapa. Wenyeji huijua zaidi kwa soko lake, kwa rolex (chapati za kukunjiwa mayai) za kando ya barabara, na siku hizi kwa kodi inayopanda. Maana mtaa unakarabatiwa. Wenye safu za vyumba vya kupanga, ambavyo Kampala huitwa mizigo, wanang'oa milango ya mbao na kuweka ya chuma, wanabandika vigae sakafuni, wanatundika dari ya jipsamu, wanaweka madirisha ya aluminiamu. Chukua karatasi ya makadirio ya fundi yeyote uisome mstari kwa mstari: utakuta tanki la maji, utakuta taa, pengine hata kamera ya ulinzi. Mahali pa moto hapamo. Katika mji ambao nyumba nyingi hupika kwa mkaa, hili ni jambo la kushangaza kuliko inavyodhaniwa.

Tuanze kwa jirani tajiri, Kololo, kwani huko ndiko meko ya zamani yanakoonekana kama tatizo la ukarabati, na mafundi wanaoitwa kulitatua mara nyingi hupanda kutoka Kamwokya. Kampala iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa mvua joto hushuka hadi nyuzi 16 au 17, baridi ya kuvaa sweta, si ya kuwasha magogo. Kabale, Limuru, Lushoto au Njombe, meko ya sebuleni yana kazi ya kufanya. Hapa nadhani mengi yalijengwa kwa mazoea tu: nyumba ya Mwingereza isiyo na meko haikuhesabiwa kuwa nyumba. Wajenzi wakaondoka, dohani zikabaki.

Sasa baadhi ya nyumba hizo ni ofisi, mikahawa na nyumba za wageni, na meko yake ni mzigo machoni: matofali yaliyopakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, rafu nzito ya zege, na shimo ambalo limegeuzwa stoo ya waya za televisheni. Mwenye nyumba akimwita fundi, jibu la kwanza analopewa ni vigae. Vibandikwe vyeupe, vya kung'aa, mfano wa marumaru, kazi iishe kabla ya Jumapili. Na kweli huisha. Ila meko yaliyokarabatiwa usoni peke yake huanza kulipiza polepole.

Kwanza ni madoa. Kampala ina misimu miwili ya mvua, na dohani iliyo wazi juu huingiza mvua hiyo ndani ya matofali yaliyoshiba masizi ya miongo. Maji huyeyusha chumvi na lami iliyomo, yakaitembeza hadi upande wa chumbani. Baada ya miezi kadhaa juu ya rafu hutokea mawingu ya rangi ya chai. Mpaka rangi huitwa, hupaka tena, na mawingu hurudi. Haoni kosa lake, kwa sababu kosa halipo ukutani alipo yeye. Lipo juu ya paa, penye mdomo wa dohani usio na kofia.

Pili ni moto wenyewe. Siku moja mgeni atataka uwashwe, ama mwenye mkahawa ataona moto unaleta wateja. Vigae vya sakafuni vilivyobandikwa kwa saruji ya kawaida karibu na moto havidumu. Saruji ikipashwa joto kali hupoteza maji iliyoyafunga ndani yake tangu siku ilipoganda, ikalegea na kuwa unga. Na hata kabla haijafikia joto hilo, kigae na plasta hutanuka kwa viwango tofauti, kimoja kikaachia. Ndani ya kinywa cha meko panatakiwa matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga. Udongo wa kichuguu, ambao vijijini Uganda hujengea majiko ya kuni, hufanya kazi hiyo vizuri sana. Waashi wengi wanaujua udongo huu tangu utotoni kwa bibi zao. Wanaona haya kuutaja mbele ya mteja wa Kololo, basi.

Tatu ni moshi kurudi chumbani, na hapa inafaa tumkumbuke mtu mmoja aliyeishi mbali na sisi. Mwaka 1796 Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani aliyepata cheo cha Count Rumford huko Bavaria, alichapisha insha juu ya meko ya London, ambayo wakati huo yalikuwa mapango makubwa yenye kula makaa ya mawe na kutapika moshi. Hakuyapamba. Aliyapunguza kina, akainamisha kuta za pembeni ili zirushe joto chumbani, na akabana koo la dohani hadi upana wa kama sentimita 10 tu kutoka mbele hadi nyuma. Moshi uliokuwa ukizurura sasa ukapanda kwa kasi. Nyumba nyingi za London zilirekebishwa kwa kanuni hiyo, na hadi leo mwashi anayejua kazi huyapima meko ya zamani kwa kuinama na kutazama juu kabla hajasema lolote kuhusu uso wake.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni kinyume cha ule uliozoeleka. Fundi apande juu kwanza. Aangalie kama ndege wamejenga kiota, kama matofali ya kileleni yamelegea, kama bati la kuzuia maji pale dohani inapotoboa paa limeoza. Dohani ifagiliwe. Iwekewe kofia. Ndipo ishuke zamu ya koo, kisha kinywa, na mwisho kabisa uso. Kama uamuzi ni kutowasha moto tena, shimo lisizibwe kabisa. Liachiwe tundu la hewa chini na kofia yenye upenyo juu, ama sivyo unyevu utafungiwa ndani na yale madoa ya chai yatarudi. Rangi ya mafuta kwenye matofali ikwanguliwe kwa brashi ya waya na dawa ya kuondolea rangi, na mara nyingi kilicho chini yake ni kizuri kuliko kigae chochote kilichoko dukani. Panapohitajika tofali la kubadilisha hakuna haja ya kuagiza ng'ambo, kwani Uganda Clays wamekuwa wakichoma udongo Kajjansi, kando ya barabara ya Entebbe, tangu mwaka 1950. Chokaa kinatosha kwa umaliziaji. Hupumua, hakiogopi joto, na kikichafuka hupakwa upya kwa gharama ndogo.

Hayo ni kwa wenye dohani. Kilichonivutia zaidi ni jengo lile la Makumbusho lililoko hapo juu, kwa sababu linaunganisha pande zote mbili za barabara kwa njia ambayo wapitao hawaifikirii.

Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1954, na aliyelichora ni Ernst May, msanifu Mjerumani. May alikimbilia Tanganyika mwaka 1934, akalima shamba karibu na Arusha, kisha akahamia Nairobi kuendeleza usanifu. Katikati ya miaka ya 1940 alipewa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala kwenye vilima vya Kololo na Naguru, katika mpango uliowatenga Wazungu, Waasia na Waafrika kila kundi mahali pake. Lakini kabla ya Afrika, May alikuwa ameongoza idara ya ujenzi ya jiji la Frankfurt, na humo mwaka 1926 msanifu aliyefanya kazi chini yake, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko ambalo vitabu vya usanifu hulitaja kama chimbuko la jiko la kisasa. Chumba cha kama mita 1.9 kwa 3.4. Kila hatua ya mpishi ilipimwa kwa saa, kila droo ikapewa mahali, na jiko la gesi likawekwa ubavuni. Yalijengwa yapata 10,000, kwa ajili ya familia za wafanyakazi.

Fikiria basi. Mtu aliyesimamia hesabu ya hatua za mpishi wa Frankfurt ndiye aliyechora ramani ya vilima vilivyoizunguka Kamwokya. Bonde lenyewe likajijaza baadaye kwa vyumba ambavyo hakuna aliyemhesabia mpishi wake hata hatua moja. Muzigo wa Kamwokya ni chumba kimoja, mara nyingi hakifiki mita nne upande, na ndani yake mna kitanda, pazia, kochi, televisheni na ndoo za maji. Jiko ni kile kinachobebwa nje asubuhi na kurudishwa usiku. Nyuma ya Makumbusho yamejengwa makazi ya jadi ya watu wa Uganda, na katika nyingi ya nyumba za namna hiyo moto ulikuwa na mahali pake palipojulikana na kuheshimiwa. Tena Buganda moto si jambo dogo: ule uitwao Ggombolola huwaka langoni mwa ikulu ya mfalme, Kabaka, muda wote wa uhai wake, na akifariki watu hutangaziana kuwa moto umezimika. Mji uliorithi heshima hiyo umejenga maelfu ya vyumba vya kupanga bila kuuachia moto hata sentimita moja ya ukuta.

Kwa hiyo meko mabaya ya Kamwokya hayapo sebuleni. Ni ile kona ya kibaraza yenye masizi, ambayo mwenye nyumba huipaka rangi kila mpangaji anapohama na ambayo huwa nyeusi tena kabla ya mwezi kwisha. Ugomvi mwingi wa wapangaji na wenye nyumba huanzia hapo. Wapo wenye nyumba wanaopiga marufuku sigiri ukutani, wapo wanaotoza fidia ya rangi. Hakuna kati ya hayo linalogusa chanzo.

Chanzo chenyewe wapishi wanakijua. Mkaa ulioshika vizuri hautoi masizi mengi. Yanayochora ukuta ni dakika za kuwasha: kavera (mifuko ya plastiki), chupa za plastiki, vibanzi vibichi na mafuta ya taa. Kisha mafuta ya kukaangia yanayoruka huufanya ukuta unate, na kila punje ya masizi ikipita inanaswa. Kuubadilisha mtindo wa kuwasha kunaokoa rangi kuliko kubadilisha rangi. Karatasi kavu na vijiti vikavu chini, mkaa mdogo juu, na sigiri iwashwe uwanjani kabla ya kusogezwa kibarazani. Afya inaingia hapo hapo, kwa kuwa moshi wa plastiki ndio mbaya zaidi kwa kifua cha mtoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Sehemu yake ni moshi unaoonekana. Sehemu nyingine ni hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, ambayo mkaa hutoa hata ukiwa mwekundu na msafi. Msimu wa mvua, watu wakiingiza sigiri ndani ili chumba kipate joto na kufunga mlango, hewa hiyo ndiyo inayowakuta usingizini. Ukarabati wowote unaoziba matundu ya juu ya mlango kwa ajili ya jipsamu na aluminiamu unaongeza hatari hiyo, na kwa macho yangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote yanayofanyika sasa mtaani. Madirisha ya zamani ya Kamwokya yalikuwa na matundu juu. Yaliingiza mbu, ni kweli. Wavu wa mbu unauzwa sokoni.

Kuhusu sigiri yenyewe, eneo letu lina historia ya kujivunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchini Kenya, wataalamu na mafundi wa jua kali walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand wakalifanyia kazi hadi likawa jiko la bati lenye kiuno chembamba na bitana ya udongo uliochomwa. Lilienea Nairobi yote, likavuka mipaka. Kampala, kampuni ya Ugastove iliyoanzishwa na Muhammad Kawere ilijenga biashara juu ya jiko la jamii hiyo. Bitana huzuia joto lisipotelee kwenye bati, na mkaa unaookolewa unaweza kufika theluthi au zaidi ukilinganisha na sigiri ya bati tupu. Tatizo ni kwamba bitana hupasuka. Ikipasuka wengi hutupa jiko zima, ilhali udongo wa mfinyanzi na mchanga, uliokandwa vizuri na kukaushwa kivulini taratibu, hurudisha jiko kazini. Kazi hiyo mafundi wa bati wa mjini wanaiweza.

Mkaa nao si wa bei ya jana. Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri namba 3 ya mwaka huo, iliyopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara katika Acholi, Lango, Teso, Karamoja na Nile Magharibi, maeneo yaliyokuwa yakiilisha Kampala. Magari yaliendelea kuingia, ila kila kizuizi cha barabarani kiliongeza kitu kwenye bei ya gunia. Kabla ya hapo, mwaka 2022, mamlaka ya umeme ilikuwa imeanzisha bei nafuu ya kupikia, shilingi 412 kwa uniti kuanzia ya 81 hadi ya 150 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni habari njema. Muzigoni, vyumba sita au vinane huweza kutumia mita moja ya Yaka, yaani ya umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo ngazi ya nafuu hupitwa kabla mwezi haujaisha, na wote hurudi kwenye bei ya juu bila hata mmoja wao kuwa ameivisha matoke. Mwenye nyumba anayetaka kukarabati kwa maana angeanza na mita, chumba kwa chumba. Inagharimu, lakini ina manufaa kuliko dari ya jipsamu ambayo hakuna mpangaji aliyeiomba.

Nisiahidi kwamba umeme au gesi itaifukuza sigiri kesho. Matoke yaliyofungwa kwenye majani yanataka moto mpole wa saa kadhaa, na mkaa huutoa moto huo bila mtu kuusimamia. Maharage vivyo hivyo. Familia nyingi zitakuwa na vyote viwili: umeme au gesi ya chai na mayai, mkaa wa chakula cha Jumapili. Basi meko yajengwe. Benchi la matofali ya kuchoma kwenye ncha ya kibaraza iliyo upande ambako upepo unaelekea, lenye urefu wa kufika nyonga ili mpishi asiiname na mtoto asifikie. Juu yake sahani ya udongo ya kuweka sigiri mbili. Nyuma yake ukuta upigwe plasta ya chokaa na kichuguu badala ya rangi ya mafuta, ili masizi yafutwe kwa brashi na kupakwa chokaa kipya mara moja kwa mwaka. Juu, mchomeleaji yeyote wa Kamwokya anaweza kutengeneza kofia ya bati na bomba linalotoka nje ya paa, lipite ukingo wa bati kwa zaidi ya nusu mita ili upepo usiurudishe moshi kwa jirani. Chini ya benchi ibaki nafasi ya gunia la mkaa, mbali na maji ya mvua. Huhitaji mhandisi, na mwashi mmoja na msaidizi wake wanaimudu bila shida.

Majengo mapya ya ghorofa yanayochipuka kati ya Kamwokya na Bukoto yana mambo yake. Yana jiko la ndani lenye kabati na sinki, pacha wa mbali wa lile la Frankfurt, na lina mahali pa jiko la gesi. Lakini pita chini yake jioni ya Jumamosi uinue macho. Ghorofa ya tatu, ya nne, sigiri ziko roshanini, na dari ya kila roshani imeanza kuwa nyeusi. Mpangaji amepandisha mkaa kwa ngazi. Kwenye michoro roshani hiyo imeandikwa kuwa ni ya kuanikia nguo, na nguo ziko hapo pia, kando ya moto. Hewa hapo ni nzuri kuliko kibarazani, kwa hiyo nusu ya kazi imeshafanyika bila msanifu kukusudia. Kilichobaki ni ukingo wa chuma wa kuzuia sigiri isipinduke, sahani ya udongo chini yake, na kamba ya nguo ihamishiwe upande wa pili.